Upandikizaji wa Uloto: Kwa Nini Baadhi ya Seli za Kinga Huondolewa Kwanza

Tangu mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imekuwa ikiwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Habari hizo zimewapa matumaini wazazi wengi, na ni haki yao kuuliza: ikiwa kaka mtu ana uloto mzima, kwa nini asimpe mdogo wake hata leo? Somo la toleo hili linaeleza kikwazo kikubwa kilichopo katika safari hiyo, na namna wataalamu wanavyokipunguza.

Uloto ni tishu laini iliyomo ndani ya mifupa. Humo zimo seli shina, ambazo ndizo mama wa chembe zote za damu. Mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kuudhoofisha uloto wake, kisha huwekewa seli za mchangiaji kwa njia ya dripu, kama anavyoongezewa damu. Wengi hudhani mgonjwa hupasuliwa mifupa, hapasuliwi.

Tatizo ni kwamba pamoja na seli shina, huingia pia seli T za mchangiaji. Hizi ni askari wa kinga ya mwili, na kazi yao ni kumtambua asiye wa kwao na kumshambulia. Tumezoea kusikia kwamba mwili hukikataa kiungo cha mtu mwingine. Hapa mambo hupinduka: mgeni ndiye anayemshambulia mwenyeji. Ngozi hutoka vipele na kubabuka, ini hushindwa kazi na macho kuwa ya manjano, matumbo huharisha mfululizo. Hali hiyo ikiwa sugu, kinywa na macho hukauka, ngozi hukakamaa na mapafu huweza kupata makovu. Wapo wanaopoteza maisha.

Kinga ya kwanza ni kulinganisha alama za kurithi zilizo juu ya seli. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Mzazi kwa kawaida hulingana nusu tu.

Katika miaka ya 1980 madaktari walijaribu njia iliyoonekana nyepesi: kuziondoa seli T zote kabla ya kupandikiza. Mashambulizi yalipungua sana. Lakini mapandikizo mengi zaidi yalishindwa kushika, maambukizi ya virusi yakazidi, na kwa wenye saratani ya damu ugonjwa ukarejea mara nyingi zaidi. Ikadhihirika kuwa askari wale wale waliomdhuru mwenyeji ndio waliokuwa wakimlinda.

Ndipo ikaja hekima ya kuchagua. Maabara hutumia kingamwili zilizofungwa kwenye chembe ndogo mno za chuma, ambazo hunata kwenye aina moja tu ya seli. Mchanganyiko hupitishwa katika sumaku. Seli zilizonatwa hubaki hapo, nyingine hupita kwenda kwa mgonjwa. Njia mojawapo huondoa seli T za aina ya alfa-beta, zinazoongoza mashambulizi, na kuziacha za gama-delta pamoja na seli nyingine za ulinzi. Njia ya pili huondoa seli T changa, zile ambazo bado hazijakutana na adui yeyote, na kubakiza zenye kumbukumbu ya maradhi ya zamani. Watafiti wa Kituo cha Saratani cha Fred Hutchinson, Seattle, Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2022 matokeo ya wagonjwa 138 wa saratani ya damu waliopandikizwa kwa njia hii ya pili: ni takriban 7 tu katika kila 100 waliopata hali sugu.

Mashine hizo ni ghali. Kwa nchi zenye bajeti finyu ipo njia nyingine, iliyoendelezwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins: kumpa mgonjwa dawa ya zamani, saiklofosfamaidi, siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikizwa. Seli T zilizokwisha kuamka kwa hasira huuawa ndani ya mwili, na seli shina husalimika.

Kwa mwenye selimundu hakuna saratani ya kuwindwa, hivyo mashambulizi hayo hayana faida yoyote kwake. Ndiyo maana ndugu anayelingana kikamilifu hutafutwa kwanza.

Mwananchi mwenye mtoto wa selimundu aendelee na kliniki, haidroksiyurea na chanjo kama alivyoelekezwa, kwani rufaa huanzia hapo. Ndugu mwenye vinasaba nusu vya selimundu, asiyeugua, anaweza kuchangia uloto. Aidha, iwapo upandikizaji unafikiriwa, mweleze daktari mapema, ili ikiwezekana mtoto asiongezewe damu ya mzazi au ndugu zake. Damu hiyo huweza kuufundisha mwili wake kuzikataa seli zao baadaye. Katika dharura, hata hivyo, asicheleweshewe damu kwa sababu hiyo.