MISHIPA YA FAHAMU, NA MTU ALIYEANGUKA MNAZINI

Bismillahi. Ama baada ya kumshukuru Mola na kumsalia Mtume wake, jua, ewe ndugu yetu, ya kuwa mwili wa binadamu ni mfano wa mji, na ubongo ndio liwali wake. Uzito wake kwa mtu mzima wapata kilo 1.4. Kutoka ubongoni hushuka ugwe mmoja laini, urefu wake yapata sentimita 45, nao hupita ndani ya pingili za uti wa mgongo kama uzi upitao ndani ya shanga. Katika ugwe huo hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu, kuume na kushoto. Hii siyo mishipa ya damu. Kazi yake ni kupeleka amri ya ubongo kwenye viungo, na kurudisha habari za moto, baridi na maumivu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliieleza katika kitabu chake cha utabibu, Al-Qanun.

Basi ugwe ukikatika, liwali yu mzima lakini amri haipiti. Ukikatika usawa wa kifua, miguu hupooza, mikono ikasalimika. Ukikatika juu shingoni, mikono nayo hupooza, na pumzi yaweza kukoma. Wala ugwe hauungi kama mfupa uungavyo.

Nasi watu wa Kerege hata Bagamoyo tuna wakwezi. Mkwezi akianguka, huenda pingili imevunjika na ugwe ungali mzima. Ndipo huruma isiyo na elimu humdhuru: huyu amshika makwapa, yule miguu, wakampakia kwenye pikipiki, na pingili ile ikaukata ugwe kama kisu.

Kwa hiyo yatupasa haya. Asiketishwe, asikunjwe, asikandwe, wala asivutwe shingo. Mtu mmoja amshike kichwa kwa mikono miwili, kisitikisike. Aulizwe kama anahisi vidole vya miguu. Na hata akijibu ndiyo, asiinuke. Akitapika, watu wanne wamgeuze ubavu kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda sawasawa kama gogo. Kisha alazwe juu ya ubao au mlango, afungwe kwa kanga asiteleze, apelekwe hospitali kwa gari.

Mwili wa ndugu yako ni amana mikononi mwako saa ile. Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote. Amin.