Kuonyesha Uongozi Katika Barua ya Kuomba Kazi



Msimu wa karafuu ukisha, watoto wetu waliomaliza masomo huanza kuandika barua za kuomba kazi, na wengine huzileta afisini tuzisome kabla hazijapelekwa. Karibu kila barua ina maneno haya: "Mimi ni kiongozi bora." Maneno hayo hayamfai mwombaji kitu, maana mwenziwe naye ameyaandika vile vile. Kwa hiyo twaona yafaa somo la mara hii liwe juu ya jambo hili.

Kwanza yatupasa tujue kwamba uongozi si cheo. Chuoni tulifunzwa kuwa ni amana: umekabidhiwa watu na kazi, nawe utaulizwa. Anayetoa kazi ataka kujua ulikabidhiwa nini na ukakirudishaje.

Natutwae mfano wa Chita, katika bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Huko iko kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, kikosi 837, yenye mashamba makubwa ya mpunga. Jeshi hilo lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimamishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013, na vijana wetu wa visiwani wanaojitolea nao huvuka bahari kwenda makambini Bara. Jeshi lenyewe hueleza wazi linapotangaza nafasi kwamba halitoi ajira. Basi kijana harudi na kazi mkononi. Hurudi na yale aliyoyatenda. Asipojua kuyaeleza, mwenye kazi atayajuaje?

Tuseme kijana aliwekwa juu ya wenziwe 10 katika kupandikiza mpunga. Aweza kuandika: "Nina uzoefu wa uongozi kutoka Chita." Au aweza kuandika hivi: "Nilisimamia vijana 10 katika kupandikiza mpunga. Wawili walipougua niligawa upya sehemu zao, nikamjulisha afande mapema, na shamba tulilopewa likamalizika siku iliyowekwa." Barua ya pili imetaja mambo matano: watu wangapi, kazi gani, shida gani ilitokea, yeye alifanya nini, na mwisho ukawaje. Msomaji haambiwi kwamba huyu ni kiongozi, amejionea mwenyewe.

Asiyekwenda kambini asidhani kuwa hana la kusema. Karafuu zikiwiva hazingoji mtu. Zikichelewa huchanua na thamani yake hupotea. Binti aliyeshika daftari la pishi za wachumaji, akamlipa kila mtu haki yake bila ya ugomvi, ameongoza. Kijana aliyeona wingu linakuja, akawapanga wenziwe wakakunja majamvi kabla karafuu hazijarowa, ameongoza. Na ayaandike hayo, kwa hesabu na mwaka wake.

Wako wanaoona haya, wakisema kuwa kujitaja ni kujisifu, na chema chajiuza. Ni kweli kwa karafuu iliyokauka vizuri, kwa kuwa mnunuzi huishika na kuinusa. Lakini mwombaji kazi hashikwi wala hanuswi. Mbele ya msomaji iko karatasi tu. Kueleza kazi uliyoifanya si majivuno. Majivuno ni kujipa sifa usizo nazo.

Hapo ndipo penye hatari. Mwezi wa Aprili 2017, uhakiki wa vyeti huko Bara uliwataja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaamriwa waondolewe kazini. Kama ulisimamia watu 10, usiandike 50. Katika usaili utaulizwa majina yao ya kazi, zamu zao, na namna ulivyowagawia. Uwongo hauna majibu ya swali la pili. Tena, ukiulizwa, sema "mimi" kwa lile ulilolifanya wewe, na "sisi" kwa lile mlilolifanya pamoja. Anayepora kazi ya wenziwe kwa ulimi hujulikana upesi. Na kabla ya kumtaja mtu kuwa mdhamini wako, mwombe ruhusa, umkumbushe kazi uliyomfanyia, asije akapigiwa simu akababaika.

Mwisho, twasema nanyi wanachama, maana sehemu ya jambo hili iko mikononi mwetu. Kijana hawezi kuandika uongozi ambao hakupewa nafasi ya kuufanya. Msimu ujao, mkabidhini mmoja wao daftari, mwingine ngazi na kamba, mwingine uanikaji, wa kike na wa kiume. Waacheni waamue, kisha waulizeni hesabu. Kazi ikimalizika vizuri, mwandikieni barua fupi yenye ukweli, mtie sahihi na tarehe. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na huenda ikamfungulia mtoto mlango ambao sisi hatuwezi kumfungulia kwa mali yetu.