Swali na Jibu: Maulizo Mahsusi ya Hifadhidata katika Java

Swali: Katika programu ya wavuti niliyoijenga kwa Java na Spring Data JPA, jina la mbinu ya kutafutia maagizo ya wateja limerefuka hata halisomeki. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, desturi ya Spring Data ya kuzalisha ulizo kutokana na jina la mbinu, mathalan findByStatus, yafaa maadamu masharti ni mawili au matatu, ama yakizidi, au pakihitajika kujumlisha hesabu, ni aula uandike ulizo lako mwenyewe ndani ya @Query, juu ya tamko la mbinu hiyo. Hapo utatumia lugha ya JPQL, ambayo hutaja madarasa ya Java na sifa zake, wala si majedwali na safuwima, na kwa sababu hiyo ulizo lilo hilo aghalabu hutumika katika MySQL na PostgreSQL pasipo kubadilishwa. Endapo wahitaji jambo lililo hasa la hifadhidata moja, ongeza nativeQuery = true, uandike SQL halisi, hali ukijua kwamba uhuru ule wa kutobadili ulizo umeupoteza.

Na popote uundapo ulizo, hususan kwa EntityManager ya JPA, usithubutu kuyaunganisha maneno ya mtumiaji na matini ya ulizo, bali uyapitishe kwa vigezo vyenye majina, kama :hali, kwani mwenye nia ya ufisadi aweza kupenyeza amri zake. Mwisho, ulizo la @Query la kubadili au kufuta lataka @Modifying, tena litendeke ndani ya muamala kwa @Transactional. Bila ya hayo litakataliwa.