ADABU YA KUULIZA: TUHESHIMU MUDA WA ANAYETUSAIDIA BURE



Wengi wetu tuna jambo tunalolipenda nje ya masomo. Wengine hutengeneza programu za kompyuta, wengine huandika makala. Tukikwama tunauliza katika intaneti, na mtu tusiyemjua anatujibu bila kudai hata senti. Je, tunamuuliza kwa adabu?

Tumfahamu kwanza mtu huyu. Linux, mfumo wa kompyuta unaotumika duniani kote, ulitangazwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, akieleza kuwa anaufanya kwa kujifurahisha tu. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, nayo huandikwa na watu wa kujitolea. Basi mara nyingi anayetujibu si karani aliyeajiriwa kutuhudumia. Ni mtu aliyetoka kazini amechoka, akaacha mapumziko yake ili asome swali letu.

Mmoja wetu aliwahi kuandika usiku: "Programu yangu haifanyi kazi, nisaidieni haraka!" Asubuhi hakuona jibu, akaandika maneno makali. Mtu mmoja akamvumilia, akamuuliza hili na lile kwa siku mbili. Kumbe alikosea herufi moja, na kompyuta yenyewe ilikuwa imemwandikia hivyo kwenye skrini. Hakushukuru. Swali lake la pili halikujibiwa na mtu.

Tumkumbuke Ibn Abbas (R.A.). Alipotaka kuuliza hadithi kwa Sahaba mmoja wa Kiansari, alimkuta amepumzika mchana. Hakubisha hodi. Alilaza shuka yake mlangoni akangoja, upepo ukimrushia vumbi, mpaka mwenyewe akatoka. Naye alikuwa binamu yake Mtume (S.A.W.)! Na katika Sura ya Al-Hujurat, Mwenyezi Mungu amewakosoa waliomwita Mtume kwa sauti kutoka nje ya vyumba vyake, akabainisha kuwa lau wangesubiri ingekuwa kheri kwao.

Tukitaka kuuliza, tushike haya:

1. Tutafute kwanza wenyewe. Huenda swali limekwisha jibiwa.
2. Tueleze kwa ukamilifu: tulitaka nini, tulifanya nini, na kompyuta iliandika maneno gani hasa. Maneno hayo tuyanakili kama yalivyo.
3. Tutaje tuliyokwisha jaribu, asitutume tulikotoka.
4. Tuulize mahali pamoja, mbele ya wote, ili jibu moja liwafae wengi.
5. Tusiseme "haraka". Saa tuliyoamka sisi, huenda yeye amelala.
6. Tukifanikiwa, turudi tushukuru na tueleze kilichotufaa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Allah.

Ndugu zetu, mali ikitoka huweza kurudi, lakini saa ikipita hairudi. Anayetupa saa yake ametupa kipande cha umri wake. Tukiichezea, hatumuumizi yeye peke yake. Akichoka akaondoka, tumewafungia mlango wote watakaokuja kuuliza baada yetu.

ZOEZI
(a) Ibn Abbas alikuwa na haki gani ya kubisha hodi, na kwa nini hakubisha?
(b) Liandike upya swali la mwenzetu ili lijibike kwa mara moja.

Wabillahi tawfiq.