SOMO KWA MAKATIBU NA MAKARANI: KUPELEKA FAILI LA MALIPO KWENYE SEVA YA CHAMA KIKUU



Mazao yakishapimwa na stakabadhi kuandikwa, kazi inayobaki ni kuifikisha orodha ya malipo kwa Chama Kikuu. Zamani karani alishuka nayo hadi Morogoro mkobani. Siku hizi yaweza kupelekwa kwa kompyuta. Somo hili laeleza namna ya kuipeleka kwa amri za kuandika, yaani kuiagiza kompyuta kwa maneno machache badala ya kubonyeza picha. Njia hii huonekana kavu, lakini kwa ofisi iliyoko Nyandira, Langali au Tchenzema ina manufaa makubwa: haina mapambo ya kula data, humweleza karani waziwazi lililotendeka, na kazi ikikatika huweza kuendelezwa pale ilipokomea.

Na kukatika haina budi kutazamiwa. Mgeta ni nchi ya migongo na mabonde, na mawimbi ya simu hayapenyi mlima. Nyumba ya upande huu wa mgongo hupata mtandao, ya upande wa pili hukosa.

Ubaya wa faili lililokatika ni kwamba halipigi kelele. Tuchukue mfano wa orodha ya wanachama 412, iliyopangwa kwa alfabeti, kila mwanachama na mstari wake. Mtandao ukikatika njiani, mistari 300 ya kwanza yaweza kuwa imefika, na jina la faili likawa lile lile. Karani wa Chama Kikuu akilifungua ataona majina, kilo na shilingi, yote yakiwa sawasawa. Waliopotea ni wale wa mwisho wa alfabeti. Mama aliyeteremka na mzigo wake kichwani, akapimiwa na kupewa stakabadhi, atangoja malipo; akiuliza ataambiwa kuwa jina lake halimo. Jedwali lililohifadhiwa kwa muundo wa Excel likikatika kwa kawaida hukataa kufunguka, na hiyo ni heri. Orodha ya maandishi matupu, ile yenye mkia wa csv, ndiyo yenye kudanganya.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: faili lisafiri kwa jina la muda, lipewe jina lake la haki baada tu ya kuthibitishwa.

Fungua dirisha la amri katika folda lilimo faili, uandike:

sftp karani@SEVA

Mahali pa neno SEVA weka anwani mliyopewa na Chama Kikuu, na mahali pa karani weka jina lenu la kuingilia. Chombo hiki kimo tayari katika kompyuta nyingi za Windows 10 na za baadaye, na katika Linux. Mara ya kwanza kompyuta itaonyesha mfuatano wa herufi na tarakimu unaoanza na SHA256, nayo itakuuliza kama waiamini seva hiyo. Kujibu bila kusoma ni sawa na kumkabidhi funguo za ghala mtu yeyote aliyebisha hodi. Piga simu Chama Kikuu, usomewe alama hiyo, uilinganishe, ndipo uandike yes. Tahadhari hii ina historia. Njia ya kale ya kupeleka mafaili, FTP ya mwaka 1971, ilipitisha neno la siri wazi mtandaoni. Mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa chuo kikuu chake, Tatu Ylönen wa Finland alitunga SSH, ambayo hufumba kila kinachopita. Sftp husafiri ndani ya SSH.

Ukishaingia, andika:

put malipo.csv malipo.muda

Mtandao ukikatika, ingia tena, uandike:

reput malipo.csv malipo.muda

Amri hii hupeleka sehemu iliyobaki tu. Lakini angalia sana: haichunguzi kama sehemu iliyotangulia ingali sawa na iliyo kwako. Ukisahihisha kilo za mwanachama mmoja kati ya safari mbili, utapata faili lenye kichwa cha jana na mkia wa leo. Ukibadilisha lolote, anza upya kwa put.

Sasa uthibitisho. Ukubwa wa faili peke yake hautoshi. Katika dirisha jingine la Windows andika:

certutil -hashfile malipo.csv SHA256

Utapata mfuatano wa alama 64; tuuite muhuri wa faili. Tarakimu moja ya shilingi ikibadilika, muhuri wote hubadilika. Mwenzako wa Chama Kikuu atapata muhuri wa malipo.muda kwa amri ya sha256sum, nanyi mtasomeana kwa simu alama nane za kwanza na nane za mwisho. Zikilingana, rudi kwenye sftp uandike:

rename malipo.muda malipo.csv

Kwa upande wake, karani wa Chama Kikuu asifungue kamwe faili lenye mkia wa muda, hata akiharakishwa na mkuu wake.

Vyama vyenye Linux vyaweza kutumia rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Hiyo hulinganisha nakala mbili na kupeleka tofauti tu, tena huhakiki yenyewe faili zima likiisha kufika. Ikiachwa katika desturi yake huandika kwa jina la muda. Lakini ukiongeza --partial, kipande kilichokatika hubaki kwa jina kamili, na hatari tuliyoieleza hurudi. Tumia --partial-dir badala yake.

Neno la siri lisibandikwe ukutani. Orodha ina majina, namba za simu na fedha za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023.

Mwisho, fungueni daftari la mafaili yaliyopelekwa: tarehe, jina la faili, idadi ya wanachama, jumla ya shilingi, alama nane za kwanza za muhuri, na jina la aliyepokea simu. Mkaguzi wa COASCO akija, muwekeeni mezani pamoja na daftari la mizani.