SOMO LA LUGHA: KUUNGA MKONO

Somo letu la leo ni la maneno mawili tu: kuunga mkono. Maneno haya tunayasikia redioni, kwenye ushirika na kwenye mikutano ya kijiji. Karibu kila mmoja wetu amekwisha kuyasema. Lakini kuyasema ni jambo moja, na kuyaandika sawasawa ni jambo jingine. Yakiandikwa vibaya kwenye kumbukumbu za mkutano, kijiji kinaweza kuonekana kimekubali jambo ambalo hakikulikubali.

Basi tuchukue daftari na kalamu, tuanze.

1. MAANA YAKE

Kuunga ni kushikanisha. Tunaunga kamba iliyokatika. Fundi anaunga mbao. Mama anaunga mboga kwa karanga. Lakini tukisema "kuunga mkono", hatusemi habari ya mkono uliokatika. Hii ni nahau, yaani maneno yanayokwenda pamoja na kuwa na maana yake ya pekee.

Maana yake ni kukubaliana na jambo lililosemwa au linalofanywa na mwingine, na kulitia nguvu.

Hapa Mitundu wengi wetu tulianza na Kikimbu, Kinyamwezi, Kisukuma, Kinyaturu au Kigogo kabla ya Kiswahili. Ukiitafsiri nahau hii neno kwa neno, bibi nyumbani anaweza kuuliza, "Kwani nani kavunjika mkono?" Kwa hiyo tushike maana, tusishike neno moja moja.

Picha hii itatusaidia kukumbuka. Mrina asali anapandisha mzinga juu ya mti. Anavuta kamba peke yake, mzinga mzito. Mwenzake anakuja, anashika kamba ile ile, wanavuta pamoja. Aliyeanza kazi ni wa kwanza. Wa pili ameongeza nguvu zake. Ndivyo ilivyo katika kuunga mkono: kwanza pawepo mtu au jambo, halafu aje wa kuongeza nguvu.

Tuchukue mfano wa historia yetu. Mwaka 1967 TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Watu katika sehemu nyingi za nchi walitembea kwa miguu kuliunga mkono. Mwezi Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere naye alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Hapo tunaandika: "Mwalimu alitembea kuunga mkono Azimio la Arusha." Jambo lipo, limetajwa, na aliyeliunga mkono ametajwa.

2. KANUNI TATU

Kanuni ya kwanza: neno "mkono" halibadiliki. Hata watu wakiwa mia, tunasema mkono, hatusemi mikono.
Sawa: Wakulima wote waliunga mkono wazo hilo.
Si sawa: Wakulima wote waliunga mikono wazo hilo.

Kanuni ya pili: kinachobadilika ni neno "kuunga". Hufuata mtu, wakati na kukubali au kukataa.
Naunga mkono wazo la kuchimba kisima.
Siungi mkono wazo la kukata msitu.
Jana tulimuunga mkono mama mwenyekiti wa kikundi.
Kesho watatuunga mkono.
Hoja hiyo iliungwa mkono na wajumbe watatu.

Tazameni sentensi ya tatu na ya tano. Tunaweza kumuunga mkono mtu, na tunaweza kuunga mkono jambo. Hizi ni mbili. Unaweza kumpenda sana ndugu yako, na bado usiunge mkono hoja yake. Wala huo si ugomvi.

Kanuni ya tatu ndiyo kubwa: sentensi haijakamilika mpaka tujue ni nani au ni jambo gani linaloungwa mkono. Mtu akiandika "Wananchi waliunga mkono" akaweka nukta, ametuacha njiani. Waliunga mkono nini? Sentensi hiyo ni kama gunia lisilofungwa: mtu mwingine anaweza kuja baadaye akatia humo anachotaka.

3. TUSICHANGANYE

Kumpa mtu mkono ni kumsalimu, kumpongeza au kumpa pole. Si kuunga mkono.

Kunyosha mkono ni kuomba nafasi ya kusema, au kupiga kura mwenyekiti anapohesabu. Ukinyosha mkono ili uulize swali, hujaunga mkono kitu.

Kupiga makofi ni adabu au furaha. Mgeni anapigiwa makofi hata kabla hajasema shida yake.

Kutia sahihi au dole gumba kwenye karatasi ya mahudhurio ni kusema "nilikuwepo." Siyo kusema "nimekubali."

Vijana siku hizi wanasema "nakusapoti". Katika mazungumzo wanaelewana. Lakini katika kumbukumbu tuandike kuunga mkono.

4. NAHAU HII MKUTANONI

Tuseme mtu amekuja kijijini kuomba hekta 50 za shamba. Mkutano unaitishwa. Anaeleza haja yake, watu wanapiga makofi. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, kila mtu anatia sahihi. Wengine wanauliza maswali, jua linazama, watu wanarudi makwao. Baadaye kumbukumbu zinasomeka hivi: "Mwombaji alieleza. Wananchi waliunga mkono." Na karatasi ya sahihi imebanwa nyuma yake.

Sasa tutumie kanuni yetu ya tatu. Waliunga mkono nini? Maelezo? Maombi? Hekta ngapi, na upande gani wa kijiji? Ni wananchi wangapi? Hakuna jibu hata moja. Lakini mtu wa mbali akisoma karatasi ile na kuona sahihi zote zile, atasema kijiji kimekwisha kutoa ardhi.

Jambo hili si dogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na Mkutano Mkuu ni wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wake kwa waume. Kibali chao kinaonekana katika kumbukumbu. Kwa hiyo neno likikosewa humo, ni haki yao inayoguswa.

Mkutano una hatua zake. Kwanza mtu anatoa hoja. Pili mwingine anaiunga mkono. Tatu watu wanajadili. Nne wanaamua. Kuunga mkono ni hatua ya pili, siyo ya nne. Watu watatu wanaweza kuiunga mkono hoja, na mkutano ukaikataa.

Kumbukumbu nzuri zingeandikwa hivi:

"Ilitolewa hoja kwamba mwombaji apewe hekta 50 upande wa mashariki wa kijiji. Wajumbe watatu waliiunga mkono. Baada ya majadiliano kura zilipigwa. Waliokubali 41, waliokataa 96. Hoja haikupita."

Hapo mtu yeyote akisoma anaelewa. Hata mjukuu akiisoma miaka ishirini ijayo ataelewa.

Nasi tuliojifunza kusoma tuna kazi. Kumbukumbu za mkutano uliopita zinaposomwa, tusikilize. Tukisikia "wananchi waliunga mkono" bila jambo kutajwa, tunyoshe mkono na kusema kwa heshima: "Ndugu Mwenyekiti, naomba iandikwe tuliunga mkono jambo gani, na tulikuwa wangapi." Na kabla ya kutia sahihi, tusome kichwa cha karatasi. Kama kichwa hakuna, tuombe kiandikwe kwanza.

5. ZOEZI

Someni sentensi hizi katika kikundi. Ipi sawa, ipi si sawa? Kwa nini?

(a) Wafugaji waliunga mikono hoja ya josho.
(b) Siungi mkono bei hiyo ya alizeti.
(c) Wanakijiji 80 waliunga mkono.
(d) Mzee alimuunga mkono binti yake aliyetaka kuendelea na masomo.
(e) Nilitia sahihi ya mahudhurio, kwa hiyo niliunga mkono hoja.

Majibu:
(a) Si sawa. Tuseme "waliunga mkono".
(b) Sawa.
(c) Si sawa. Idadi ipo, lakini jambo halikutajwa.
(d) Sawa. Hapa anayeungwa mkono ni mtu.
(e) Lugha ni sawa, lakini maana si sawa. Mahudhurio ni kuwepo tu.

Kazi ya nyumbani: andika sentensi tatu za kuunga mkono, mbili za kukubali na moja ya kukataa. Mpe jirani azisome. Akikuuliza "Mliunga mkono nini?", rudi ukaisahihishe sentensi.