SOMO LA 32: KUNG'ARISHA KISU

Kindu ni mji wa Maniema, kando ya mto Lualaba. Ndipo inapokoma reli itokayo Kongolo. Penye mto pana samaki, na penye samaki hutakiwa visu vikali.

Fundi hufua kisu kwa springi ya gari kuukuu. Hukichoma mpaka kiwe chekundu, kisha hukitumbukiza katika mafuta. Hapo chuma huwa kigumu, lakini huvunjika upesi. Kwa hiyo hupashwa moto tena, kidogo tu.

Sasa kisu ni kigumu, ila ni cheusi. Fundi hukisugua kwa msasa, halafu kwa gurudumu la nguo lililopakwa dawa ya kung'arishia. Mota hulizungusha upesi mno.

Hatari ni mbili. Ya kwanza, gurudumu huweza kukamata makali na kukirusha kisu. Basi makali yafuate mwendo wa gurudumu, yasiukabili kamwe. Ya pili ni joto. Kisu kikigeuka rangi ya samawati, kimefika digrii 300 hivi, na ugumu wake umepungua. Kwa hiyo fundi hakikandamizi, naye hukichovya majini mara kwa mara.

Kisu kilichoungua hung'aa vizuri, lakini makali yake hayadumu. Bwana Yesu aliwafananisha Mafarisayo na makaburi yaliyopakwa chokaa: nje uzuri, ndani mifupa. Fundi mwaminifu hakiuzi kisu hicho. Hukirudisha motoni, akaanza tena.

Maulizo
1. Kwa nini kisu huchovywa majini?
2. Makali yaelekee wapi?
3. Mnunuzi haoni kosa. Mbona fundi hakiuzi kisu?